Matundu ya Ngoma

Majira ya joto ya mwaka 1930, katika mji mdogo wa Krzemieniec, ambao wakati huo ulikuwa Poland na leo uko Ukraine, kijana wa miaka 16 hivi aliyeitwa Mark Kac hakuwa na jingine kichwani ila milinganyo ya kipeo cha tatu. Kanuni ya kuitatua, ile inayobeba jina la Cardano, alikuwa ameiona vitabuni. Vitabu vile vilimpa mbinu mkononi bila kumweleza aliyeigundua aliifikiaje, na hilo hakulikubali. Baba yake, msomi aliyesomea falsafa Leipzig, alimwona anavyohangaika akamwekea ahadi: ukiipata njia yako mwenyewe, nakupa zloti 5. Kijana akakaa na karatasi zake hadi akaipata. Baba akatoa zloti 5. Mwalimu wake akaipeleka kazi ile kwenye jarida la hisabati la vijana, likaichapisha, na mtoto aliyetarajiwa kuwa mhandisi akageuka kuwa mwanahisabati.

Zloti hizo 5 zimenikaa moyoni kuliko tuzo zote alizopata baadaye. Ni miongoni mwa vitu vichache ninavyovijua kuhusu baba yule: kwamba alisoma mbali, kwamba alijipatia riziki kwa kufundisha watoto wa watu, na kwamba mwanawe alipofaulu, alilipa. Mwezi Agosti 1942 Wajerumani waliwaua kwa risasi Wayahudi wa Krzemieniec. Baba huyo, mkewe, na watoto wao waliobaki nyumbani walikuwa miongoni mwao.

Mark alikuwa Marekani. Alikuwa ameondoka Poland mwishoni mwa 1938, akiwa na shahada ya uzamivu aliyoipata mjini Lwów mwaka uliotangulia chini ya Hugo Steinhaus. Steinhaus, ambaye naye alikuwa Myahudi, alikwisha kuona upepo unakovumia, akamhimiza mwanafunzi wake atafute mlango wa kutokea. Mara ya kwanza Kac aliomba ufadhili wa mfuko wa Parnas akaukosa. Mara ya pili akaupata, akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Ulikuwa ufadhili wa muda mfupi, wa kwenda na kurudi. Septemba 1939 vita ikaanza, na kurudi kukawa hakupo tena.

Maombi mawili, moja limekataliwa na moja limekubaliwa, na tofauti yake ni uhai. Kac alitumia maisha yake yote kuchunguza bahati kwa kalamu ya hisabati, na kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1985 baada ya yeye kufariki, alikiita *Enigmas of Chance*. Sioni jina jingine ambalo lingemfaa.

Kwetu mtu akifiwa hukaa matanga. Watu huja, hukaa naye jamvini, humuuliza ilikuwaje, naye hueleza. Na kwa kueleza mara kumi msiba hupata mwanzo na mwisho. Aliyefiwa akiwa ng'ambo, wakati barua hazipiti na habari zinakuja vipande vipande, hana siku ya kuanza kulia. Mwaka huohuo wa 1942 Kac alioa. Mwaka uliofuata akawa raia wa Marekani. Alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, mahali pa vilima na theluji, na wanafunzi walimngoja darasani kama kawaida.

Lwów nayo ilimalizwa. Kile kizazi cha wanahisabati kilichokutana kwenye Mkahawa wa Kiskoti, kikiandika maswali kwenye daftari moja lililotunzwa palepale mkahawani, kilisambaratishwa ndani ya miaka michache. Julai 1941 Wajerumani waliwapiga risasi maprofesa wa mji. Kati yao walikuwemo Antoni Łomnicki, na Włodzimierz Stożek pamoja na wanawe wawili. Juliusz Schauder aliuawa 1943. Stefan Banach aliponea kwa kulisha chawa kwa damu yake mwenyewe katika taasisi iliyotengeneza chanjo ya tifasi, homa inayoenezwa na chawa, kisha saratani ikamchukua Agosti 1945.

Steinhaus alijificha vijijini kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Huko mafichoni, bila maktaba, alifanya hesabu moja ambayo kila nikiikumbuka hunisimamisha. Wajerumani hawakutangaza idadi ya kweli ya askari wao waliokuwa wakifa vitani. Ila magazeti yaliyomfikia mara mojamoja yalikuwa na matangazo ya tanzia: fulani, mtoto wa fulani, ameanguka vitani. Baadhi yalitaja kwamba huyu ni mtoto wa pili wa familia hiyo kufa, au wa tatu. Steinhaus akaanza kuhesabu. Kifo kikiwa haba, ni nadra nyumba moja kupigwa mara mbili. Kifo kikizidi, tanzia za mtoto wa pili na wa tatu huongezeka kwa kadiri inayoweza kupigiwa hesabu. Kwa vipande hivyo vya gazeti, mtu anayewindwa alikadiria hasara ya jeshi lililokuwa likimwinda.

Nadhani hapo ndipo anapoonekana mwalimu aliyemlea Kac. Alimfundisha kukisoma kitu kizima kwa mabaki yake.

Kac alikaa Cornell hadi 1961, kisha miaka 20 katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na mwisho Chuo Kikuu cha Kusini mwa California hadi alipofariki Oktoba 1984. Orodha ya kazi zake ni ndefu na sitaimaliza. Mapema kabisa, mwaka 1939, alitoa mhadhara Princeton akieleza anachokisia kuhusu namna namba zinavyogawanyika kwa namba tasa, akisema palipobaki pengo. Paul Erdős, Myahudi wa Hungaria aliyekuwa naye mbali na kwao, alikuwa amekaa akisikiliza. Kabla mhadhara haujaisha alikuwa amelijaza pengo. Kanuni hiyo hadi leo ina majina yao mawili.

Kuna makala yake ya 1947 ambayo wanaomjua kwa swali lake la ngoma, nitakalolifikia, huyapita haraka. Imo humo michezo ya mipira na vyungu iliyobuniwa na mwanafizikia Ehrenfest na mkewe ili kueleza swali gumu la fizikia: sheria za mwendo zinaruhusu kila kitu kurudi kinyumenyume, mbona duniani hatuoni kitu kikirudi? Chukua vyungu viwili na mipira 100 yenye namba. Weka yote chungu cha kwanza. Taja namba yoyote kwa kubahatisha, mpira wenye namba hiyo uhamishe chungu kingine. Rudia. Baada ya muda kila chungu kitakuwa na kama mipira 50, na itabaki kucheza hapohapo, ikizidi kidogo na kupungua kidogo. Kac alikokotoa mwenendo wa mchezo huu kwa kutafuta spektra ya jedwali la hesabu linaloutawala, yaani zile namba chache za ndani ambazo kila kinachotokea hutengenezwa kwazo. Jibu mojawapo ni hili: ile hali ya mwanzo, mipira yote 100 katika chungu kimoja, itarudi. Hakuna sheria inayoizuia. Ukihamisha mpira mmoja kila sekunde, kwa wastani utaingoja miaka ambayo ni 4 ikifuatwa na sufuri 22, ilhali ulimwengu wenyewe una miaka kama bilioni 14.

Mtu aliyefiwa anaielewa hesabu hiyo bila mwalimu. Miezi ya kwanza unaishi kana kwamba mlango utafunguliwa, na hakuna anayeweza kukuthibitishia kwamba haiwezekani. Kac aliandika makala hayo miaka mitano baada ya Krzemieniec. Sisemi kwamba aliyaandika kwa sababu ya Krzemieniec. Hajasema hivyo, na swali lenyewe lilikuwa la wanafizikia tangu zama za Boltzmann. Nasema tu kwamba aliyekaa nalo swali la kutorudi, akalipigia hesabu hadi tarakimu ya mwisho, alikuwa mtu ambaye hakuwa na pa kurudi.

Cornell ilimpa pia Richard Feynman, kijana aliyefika hapo mwishoni mwa 1945, miezi michache baada ya kumzika mkewe Arline. Feynman alikuwa na njia yake ya kueleza chembe ndogo: ili kujua uwezekano wa chembe kutoka hapa hadi pale, jumlisha njia zote ambazo ingeweza kupita, ya moja kwa moja na ya kuzunguka, hata zile zisizo na maana. Kac alimsikiliza akitoa mhadhara, akatambua kwamba wote wawili wameshika kitu kilekile kwa ncha mbili. Mwaka 1949 akachapisha upande wake, wenye msingi imara wa kihisabati, na kanuni ya Feynman na Kac ikazaliwa. Leo hutumiwa na wanafizikia, na hata na wanaokadiria bei katika masoko ya fedha.

Sasa ngoma.

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba vumi hulia chini na chapuo hulia juu, wala kwamba ngozi ikilegea kwa unyevu wa usiku hupelekwa karibu na moto hadi ikaze. Mpigaji huigonga kwa kidole, hutega sikio, huigeuza, huirudisha motoni kidogo, huigonga tena. Ngozi kubwa hutetemeka polepole; ngozi iliyokazwa hutetemeka upesi. Lakini ngoma haina sauti moja. Juu ya ile inayosikika waziwazi kuna nyingine, na nyingine juu ya hiyo, bila mwisho, kila moja na idadi yake ya mitetemo kwa sekunde. Orodha hiyo nzima ndiyo spektra ya ngoma. Ukinipa umbo la ngozi, hisabati ina njia ya kuitafuta orodha. Mwaka 1966 Kac aliuliza kinyume chake: ukinipa orodha peke yake, gizani, ngoma siioni, je, naweza kusema ngozi iliwambwa kwa umbo gani?

Makala hayo yalitoka kwenye *American Mathematical Monthly*, nayo aliyatunuku kwa mwanafizikia George Uhlenbeck alipotimiza miaka 65. Swali lenyewe alilisikia kwa Salomon Bochner, na Lipman Bers ndiye aliyelivisha vazi la ngoma. Kac hakuficha hayo. Alikuwa mtu wa kutaja alipopewa nini na nani.

Ngoma ya hesabu hizi, kusema kweli, ni tari: ngozi tupu iliyobanwa ukingoni, bila mzinga chini yake. Kwamba eneo la ngozi linasikika kulijulikana zamani. Mwaka 1910 Hendrik Lorentz alilipeleka swali hilo Göttingen, na mwanahisabati Hilbert, kama Kac anavyosimulia, alitabiri kwamba hataishi kuona likithibitishwa. Hermann Weyl, mwanafunzi wake mwenyewe, akalithibitisha upesi. Hesabu sauti zilizo chini ya kiwango fulani, panda juu zaidi na zaidi, na wingi wake utakupa eneo. Baadaye ikaonekana kwamba urefu wa mzingo nao unasikika. Hivyo ngoma ya duara haiwezi kujificha: kati ya maumbo yote yenye mzingo uleule, duara ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote, basi ukisikia eneo na mzingo vinavyolingana na vya duara, umelijua.

Njia ambayo Kac alitumia kuyaonyesha haya ndiyo iliyonifanya niandike. Badala ya kuipiga ngoma, alitawanya juu yake chembe zinazotangatanga ovyo, kila moja ikienda huku na huku bila mpango, na ukingo wa ngoma ukawa mahali pa kufia: chembe ikiugusa, imekwisha. Kasi ambayo chembe hupungua imefungamana na sauti za ngoma, kiasi kwamba ukiijua orodha moja unaijua nyingine. Katika muda mfupi wa mwanzo chembe iliyo katikati huenda kana kwamba uwanja hauna mwisho. Kac aliliita jambo hilo kanuni ya kutouhisi ukingo, na alipolieleza alisema kwamba chembe zinapoanza kutawanyika hazina habari ya janga linalozingoja mpakani.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga karatasi. Hisabati haikuhitaji neno zito namna hiyo. Wenzake wengi wangesema chembe hufyonzwa, basi, wakaendelea. Labda ni mazoea ya mzungumzaji hodari, kwani alisifika kwa mihadhara iliyompeleka msikilizaji hatua kwa hatua, na makala haya yalimpa Tuzo ya Chauvenet mwaka 1968, mara yake ya pili. Lakini mimi niliuona mji wa Krzemieniec mwishoni mwa 1938, watu wakienda sokoni na shuleni, na kijana mmoja akifunga sanduku.

Akiendelea na hesabu, baada ya eneo na baada ya mzingo, Kac alifika kwenye kiasi cha tatu, kidogo sana, namba isiyobadilika inayobaki chini ya mbili za kwanza. Namba hiyo hutegemea kitu kimoja: idadi ya matundu. Toboa ngozi, bana kingo za tundu kama ulivyobana ukingo wa nje, na kila tundu litapunguza namba ile kwa sehemu moja ya sita. Hoja yake haikuwa kamili kwa maumbo yote, ila mwaka uliofuata Henry McKean na Isadore Singer waliifikisha mwisho. Kwa hiyo tundu lina sauti. Mahali pasipo na ngozi, ambapo hakuna kinachotetemeka, panasikika katika kila mdundo wa ngozi iliyobaki. Hayo ni matokeo ya hisabati, yamethibitishwa, na tangu niyajue siwezi kumsikiliza mtu aliyefiwa akizungumza mambo ya kawaida, bei ya mchele au mvua, nisihisi kwamba hesabu ya waliokosekana imo humohumo.

Dada yangu mkubwa alipofariki aliniachia, bila kukusudia, sauti zake kwenye simu. Ni zile jumbe za WhatsApp za kila siku: bei ya nazi imepanda, usisahau kumpigia shangazi, yule mgonjwa anaendelea vizuri. Maneno nimekwisha kuyajua kwa moyo. Siku hizi ninachosikiliza ni chumba. Najua alipokuwa jikoni, maana sauti inagonga bati na kurudi. Najua alipokaa ukumbini penye mazulia, sauti inakuwa ya karibu na laini. Katika ujumbe mmoja komeo linasikika likivutwa, kisha sauti yake inapanuka ghafla, yuko uani. Nyumba ile yote naweza kuichora kwa masikio. Yeye siwezi. Najua alipokuwa amechoka, najua alipokuwa akizuia kicheko, nasikia hata pumzi anayoivuta kabla ya kusema jambo ambalo sitalipenda. Uso unaponijia ni ule wa kwenye picha, na picha hiyo haifanani na sauti hata kidogo.

Kwa swali lake la umbo, Kac mwenyewe aliegemea kwenye hapana. Alidhani umbo halisikiki, ingawa hakuwa tayari kuweka dau kubwa. John Milnor alikwisha kuonyesha mwaka 1964 kwamba katika ulimwengu wa vipimo 16 kuna maumbo mawili tofauti yenye spektra moja, lakini vipimo 16 si ngozi ya ngoma. Kac alifariki bila kupata jibu. Lilikuja mwaka 1992, miaka minane baadaye, kutoka kwa Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert, waliojenga juu ya njia ya Toshikazu Sunada wa Japani. Walitoa ngoma mbili zenye pembe na kona, kila moja ikiundwa na pembetatu 7 zinazolingana, zikiungwa kwa mpangilio tofauti. Mtu anaweza kuzikata kwenye kadibodi mezani kwake: azigeuze, azipindue, hazitalaliana kamwe. Eneo lao ni moja, mzingo mmoja, na kila sauti ya hii, kuanzia ya chini kabisa na kupanda bila mwisho, ni sauti ya ile. Uthibitisho wake unapendeza kwa usahili: chukua mtetemo wowote wa ngoma ya kwanza, ukate pembetatu kwa pembetatu, uziunge upya kwa utaratibu maalumu, utapata mtetemo halali wa ngoma ya pili. Hakuna kinachopotea njiani isipokuwa umbo.

Habari hiyo ilinihuzunisha nilipoisoma, na bado sijaizoea. Ningependa ijulikane kwamba mtu fulani, na si mwingine yeyote, ndiye aliyekuwa akitoa sauti ile. Wafiwa wawili wanaweza kulia kilio kimoja kabisa juu ya watu wasiofanana kwa lolote.

Ila ngoma za 1992 zina kona, na waliomfuata Kac hawakuacha. Steve Zelditch, aliyefundisha miaka mingi Johns Hopkins, chuo kilekile kilichompokea Kac kutoka melini, alionyesha kwamba ngoma ikiwa laini ya kutosha na yenye ulinganifu wa kioo, sauti yake inaitofautisha na wenzake wa aina hiyo. Kisha yeye na Hamid Hezari wakachukua duara lililobonyezwa kidogo tu, likawa duaradufu linalokaribia duara, wakathibitisha kwamba umbo hilo linasikika, halina pacha miongoni mwa ngoma zote laini. Kazi hiyo ilitoka kwenye *Annals of Mathematics* mwaka 2022, na Zelditch alifariki Septemba ya mwaka huohuo. Kuhusu ngoma laini kwa jumla, zisizo na kona, hakuna aliyepata mbili zinazolia sawa, wala hakuna aliyethibitisha kwamba hazipo.